Kortisoli ipo, seli haisikii: vipokezi vya homoni ya msongo ndani ya chembe za kinga

Karatasi ya majibu ikisema kortisoli ya saa 2 asubuhi ni 400 nmol/L, tumejua kilichomo kwenye damu, basi. Hatujajua chembe nyeupe zimeisikia homoni hiyo kwa kiasi gani. Watu wawili wanaweza kuwa na 400 ileile, mmoja mchochota wake ukatulia baada ya siku mbili tatu, mwingine uvimbe, joto na maumivu yakaendelea wiki nzima. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaweza kuwa kwenye protini moja ndani ya seli zao: kipokezi cha glukokotikoidi, yaani cha kortisoli na homoni au dawa za jamii yake.

Makala nyingi za afya kwa Kiswahili huishia hapa: msongo wa mawazo hupandisha kortisoli, kortisoli hushusha kinga. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba seli ya kinga yenyewe huamua isikie kiasi gani, na uamuzi huo hubadilika kwa saa, kwa ugonjwa na kwa aina ya seli. Tena, wingi wa vipokezi si usikivu. Seli inaweza kuwa na vipokezi tele na bado isitii.

Udhibiti huanza kabla homoni haijafika kwenye kipokezi. Kortisoli iliyo huru kwenye damu ni takriban asilimia 5 tu ya yote. Nyingine imebebwa na protini mbili, CBG na albumini, na ile iliyobebwa haiingii ndani ya seli. Penye mchochota, nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, humwaga kimeng'enya kinachoitwa elastezi, kikaikata CBG na kuiachia kortisoli palepale inapohitajika. Makrofaji, chembe walaji zinazokaa kwenye tishu, nazo zina kimeng'enya 11-beta-HSD1, ambacho hugeuza kortisoni isiyo na nguvu kuwa kortisoli. Monosaiti inayotembea kwenye damu karibu haina kimeng'enya hicho. Hukipata inapokomaa kuwa makrofaji. Kwa hiyo seli mbili za ukoo mmoja, moja kwenye mshipa na nyingine kwenye tishu, hazioni kiwango kimoja cha homoni hata zikiwa ndani ya mtu mmoja.

Sasa kipokezi chenyewe. Jeni yake ni NR3C1, iko kwenye kromosomu ya 5, na mfuatano wa kipokezi cha binadamu ulichapishwa mwaka 1985. Protini inayofanya kazi, GR-alfa (GR ni kifupi cha kipokezi cha glukokotikoidi kwa Kiingereza), ina asidi amino 777. Ina mkia wa mbele unaowasha jeni na ambao hubandikwa fosfati, sehemu ya kati yenye vidole viwili vya zinki vinavyoshika DNA, na sehemu ya nyuma yenye mfuko unaopokea kortisoli. Kipokezi cha adrenalini hukaa juu ya utando wa seli. Hiki hukaa ndani, kikiwa kimeshikiliwa na protini walezi: HSP90, p23, na mmoja wa ndugu wawili, FKBP51 au FKBP52. Bila HSP90 mfuko haukai vizuri na homoni haishiki.

Kortisoli huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupita utando bila kizuizi. Ikishaingia kwenye mfuko, FKBP51 huachia na FKBP52 huchukua nafasi, halafu kundi zima huvutwa na mota ya dainini kuelekea kwenye kiini cha seli. Homoni ikiwa ya kutosha, ndani ya nusu saa hivi vipokezi vingi huwa vimeshaingia. Huko hufanya kazi mbili. Hushika DNA na kuwasha jeni za kutuliza, kama DUSP1 na TSC22D3, na huzizuia NF-kappaB na AP-1, ambazo ndizo huamuru kutengenezwa kwa saitokini (protini za ujumbe kati ya seli) za mchochota kama TNF-alfa na IL-6.

Miongoni mwa jeni zinazowashwa haraka imo pia FKBP5, inayotengeneza FKBP51, yule yule mlezi anayekifanya kipokezi kiishike homoni kwa ulegevu. Yaani kortisoli ikifanya kazi vizuri, huacha nyuma breki ya kuizuia isifanye kazi kupita kiasi. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha udhibiti kinachostahili kujulikana kuliko vyote, kwa sababu kinaeleza kwa nini dozi ya pili haipati mapokezi ya dozi ya kwanza, hata kama idadi ya vipokezi haijabadilika. Nyani wadogo wa Amerika Kusini ni ushahidi mzuri. Kortisoli yao iko juu sana ukilinganisha na yetu, lakini hawana dalili za ugonjwa wa Cushing, ule wa kortisoli kuzidi, na sababu kubwa ni kwamba seli zao zimejaa FKBP51.

Breki ya pili hupunguza idadi. Kipokezi chenye homoni hurudi kwenye jeni yake NR3C1 na kuizima kwa sehemu, na kipokezi kilekile hubandikwa yubikwitini, alama ya kuvunjwa, kwenye laisini ya 419 na kupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kuvunjavunja protini. Katika seli nyingi zilizopimwa maabara, deksamethasoni, dawa inayoiga kortisoli, ikikaa saa 24, zaidi ya nusu ya vipokezi hupotea. Ila kuna seli zinazokwenda kinyume: seli T changa za thaimasi na seli nyingi za saratani ya damu ya limfoblasti huongeza vipokezi zinapopewa homoni, kwa kutumia promota (swichi ya kuwashia) nyingine ya jeni ileile. Ndiyo sababu prednisoloni na deksamethasoni huziua seli hizo vizuri, na ni nguzo ya matibabu ya saratani hiyo kwa watoto. Seli ikishindwa kujiongezea vipokezi, dawa hupoteza makali.

Halafu kuna amri zinazotoka nje ya mfumo wa kortisoli, na hapa ndipo mambo huharibika kwa wagonjwa. Saitokini zilezile ambazo kortisoli inatakiwa kuzizima zina njia za kukiziba kipokezi. IL-2 na IL-4 zikikaa pamoja na seli T, huamsha kimeng'enya p38 MAPK. Hiki hukibandika kipokezi fosfati mahali pabaya, na uwezo wake wa kuishika homoni hupungua. Kimeng'enya kingine, JNK, hubandika fosfati kwenye serini ya 226 na kukisukuma kipokezi nje ya kiini, ilhali fosfati kwenye serini ya 211 ni alama ya kipokezi kinachofanya kazi. Moshi wa sigara na msongo wa oksijeni (madhara ya kemikali kali za oksijeni ndani ya seli) huharibu HDAC2, kimeng'enya ambacho kipokezi hukihitaji ili kuzima jeni za mchochota. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu wa COPD kutofaidika sana na steroidi (dawa za jamii ya kortisoli) za kuvuta. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio halijafa, limezibwa, na aliyeliziba ni mchochota wenyewe. Ukipungua, usikivu unaweza kurudi.

Upo pia mjadala wa GR-beta, toleo la kipokezi lenye asidi amino 742. Hutoka kwenye jeni ileile kwa kukatwa tofauti mwishoni: hadi ya 727 ni sawa na alfa, kisha njia zinaachana. Haishiki kortisoli, na ikiwa nyingi hukizuia kipokezi cha alfa. TNF-alfa na IL-1 huiongeza, na nyutrofili huiongeza zinapokutana na IL-8. Mimi naichukulia kwa tahadhari. Katika seli nyingi kiasi chake ni kidogo sana kuliko alfa, na kingamwili za kuipima si zote za kuaminika. Ukisoma utafiti unaoieleza kila aina ya usugu, yaani seli kutoitii kortisoli, kwa GR-beta peke yake, angalia kwanza waliipimaje.

Msongo wa muda mrefu unaingia wapi? Mwaka 2002 Gregory Miller, Sheldon Cohen na mwenzao walichapisha utafiti kuhusu wazazi wa watoto wanaotibiwa saratani. Damu ya wazazi hao ilipowekewa deksamethasoni kwenye tyubu, IL-6 haikupungua kama ilivyopungua kwa wazazi wa watoto wenye afya. Mwaka 2012 kundi la Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, lilichapisha jaribio la watu wazima 276 waliowekewa virusi vya mafua puani. Usikivu wao ulipimwa kwa kuangalia jinsi kortisoli na hesabu za chembe nyeupe zilivyoendana. Waliokuwa wamepitia tukio zito la muda mrefu walionyesha usugu wa kipokezi, na waliougua walikuwa wengi zaidi upande wao. Ukitaka kueleza kwa nini mtu aliyechoka na kuuguza huumwa mara kwa mara, maelezo ya kwamba seli zake zimeacha kuitii kortisoli yana uzito kuliko yale ya kwamba kortisoli imejaa na kuiua kinga.

Aina za seli hazifanani. Ukimpa mtu dozi moja ya haidrokotisoni, yaani kortisoli kama dawa, baada ya saa 4 hadi 6 limfosaiti, monosaiti na esinofili kwenye damu hushuka, nyutrofili hupanda, na baada ya siku moja hesabu hurudi zilikokuwa. Limfosaiti nyingi hazijafa. Zimehamia kwenye uboho na tishu nyingine. Kipokezi kilekile huisukuma esinofili kufa, na huirefushia nyutrofili maisha. Hili lina matokeo ya kila siku wodini: mgonjwa aliye kwenye prednisoloni akipimwa picha kamili ya damu, nyutrofili zake zitakuwa juu na limfosaiti chini, na asiyeuliza kuhusu dawa anaweza kumwandikia antibayotiki kwa bakteria ambaye hayupo. Seli T ikiamshwa, vipokezi vyake huongezeka mara mbili au zaidi, kwa hiyo hesabu ya seli zilizolala haitabiri ya seli zilizo vitani.

Saa ya mwili nayo ina mkono. Protini ya CLOCK hubandika asetili kwenye bawaba ya kipokezi na kupunguza nguvu yake ya kushika DNA. Kwenye chembe nyeupe za watu wenye afya, asetili hiyo imeonekana kuwa nyingi asubuhi kuliko jioni, wakati kortisoli nayo iko juu. Yaani asubuhi homoni ni nyingi na masikio yamepunguzwa. Jioni homoni ni chache na masikio yako wazi. Kidonge cha prednisoloni cha jioni hukuta tishu zilizo wazi, na tena hukizima kilele cha alfajiri cha ACTH, homoni inayoiamuru tezi ya adrenali kutoa kortisoli. Ndiyo maana, bila sababu maalumu, dozi hupewa asubuhi.

Tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipimo ninachokipendelea ni cha damu nzima iliyochokozwa kwa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria), kwa kuwa kinauliza seli inafanya nini, si ina nini. Chukua damu kwenye tyubu ya heparini, si ya EDTA. EDTA hunyang'anya kalsiamu na mwitikio wa LPS hudhoofika. Weka saa ileile kwa washiriki wote, mfano kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, na andika nani alikesha, nani ana mafua, nani anatumia steroidi ya aina yoyote ikiwemo krimu na ya kuvuta. Damu ikae kwenye joto la chumba na ianze kushughulikiwa ndani ya saa mbili au tatu. Usiiweke kwenye friji.

Deksamethasoni ina uzito wa molekuli 392.46. Yeyusha miligramu 3.92 kwenye mililita 10 za ethanoli safi upate akiba ya 1 mM, na uiweke kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika kila kishimo cha sahani ya vishimo 24 weka mikrolita 50 za damu, mikrolita 400 za RPMI (maji ya kukuzia seli) isiyo na seramu, mikrolita 25 za LPS na mikrolita 25 za deksamethasoni. Jumla ni mikrolita 500, na damu imezimuliwa mara kumi. LPS ya ng 600 kwa mililita itaishia kuwa ng 30. Ngazi nzuri za deksamethasoni ni 0, 1, 3, 10, 30, 100 na 300 nM, kwa hiyo mchanganyiko wa kuongezea uwe na nguvu mara 20: kutoka 20 nM hadi 6 µM. Ule wa 6 µM una ethanoli asilimia 0.6. Weka ethanoli hiyohiyo kwenye ngazi zote, hata ile ya sifuri. La sivyo utakuwa unalinganisha dawa na pombe kwa wakati mmoja. Acha pia vishimo viwili visivyo na LPS kabisa. Vikitoa TNF-alfa, vifaa vyako vimechafuka au damu ilichokozwa wakati wa kuchukuliwa.

Weka kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa ukaa asilimia 5, saa 18 hadi 24, na muda huo usibadilike kati ya siku moja na nyingine. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha pima TNF-alfa na IL-6 kwa ELISA, kipimo cha protini kinachotumia kingamwili. Chora mstari wa kila saitokini peke yake na utafute dozi inayoikata kwa nusu. Saitokini hizi zina mikunjo tofauti, usizichanganye kwa wastani. Kama dozi ya juu kabisa haijafika hata nusu, usilazimishe hesabu. Ripoti asilimia iliyopungua kwenye 100 nM. Na kila mshiriki awe na hesabu ya monosaiti, kwa sababu ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya TNF-alfa hapo. Mwenye monosaiti maradufu ataonekana sugu ilhali ana seli nyingi tu.

Wanaotaka kuhesabu vipokezi vyenyewe hutenga seli kwa Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia chembe za damu, yenye msongamano wa 1.077. Zimua damu kwa kiasi sawa cha PBS (maji ya chumvi ya maabara), imwage taratibu juu ya Ficoll, zungusha kwa g 400 dakika 30 kwenye joto la chumba, breki ikiwa imezimwa. Breki ikisahaulika, ule utepe mweupe unaoelea katikati huvurugika na huwezi kuuchota vizuri kwa pipeti. Ficoll ikitoka moja kwa moja kwenye friji, chembe nyekundu na nyutrofili hubaki juu. Damu iliyolala usiku nayo huleta nyutrofili kwenye utepe, na nyutrofili zenye vipokezi vyake tofauti zitakuharibia wastani. Osha mara mbili kwa g 250, dakika 10, ili chembe sahani zibaki kwenye maji. Tarajia seli milioni 1 hadi 2 kwa kila mililita ya damu.

Kabla ya kupima ushikaji kwa deksamethasoni yenye tritiamu (haidrojeni ya mionzi), ziache seli dakika 30 hadi 60 kwenye nyuzi 37 bila homoni yoyote, kortisoli ya mwenye damu iachie mifuko. Bila hatua hii utahesabu mifuko mitupu tu, na mwenye kortisoli ya juu ataonekana ana vipokezi vichache. Weka pia vishimo vyenye deksamethasoni baridi, yaani isiyo na mionzi, mara 500 zaidi ili kuondoa ushikaji usio maalumu. Kosa jingine limejificha kwenye chupa ya seramu: seramu ya ndama ina steroidi zake. Tumia iliyochujwa kwa mkaa. Kwa saitometa ya mtiririko, mashine inayosoma seli moja moja, toboa utando kwanza kwa kuwa kipokezi kiko ndani, na weka alama za CD3 (seli T), CD14 (monosaiti) na CD19 (seli B), kila aina ya seli isomwe peke yake. Kwa RNA, jeni ya kulinganishia ihakikishwe kwanza kwamba haitikiswi na deksamethasoni, na ni afadhali ziwe mbili. Mara nyingi kupanda kwa FKBP5 na TSC22D3 baada ya saa 3 za deksamethasoni ya 100 nM kutakuambia mengi kuliko kiasi cha NR3C1 chenyewe.

Kabla ya kusema seli za mgonjwa ni sugu kwa steroidi, hakikisha dawa imefika kwenye seli. Rifampisini, ambayo kila mgonjwa wa kifua kikuu Afrika Mashariki huijua, huamsha CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa, kwenye ini na prednisoloni huondolewa haraka. Seli zake zinasikia vizuri, dawa ndiyo imepungua, na mara nyingi daktari hulazimika kuongeza dozi. Ritonaviri hufanya kinyume. Mtu aliye kwenye ARV zenye ritonaviri akivuta flutikasoni, au akachomwa triamsinoloni kwenye goti, anaweza kuvimba uso na tezi zake za adrenali zikazimika kwa dawa iliyodhaniwa inabaki mahali pamoja. Beklometasoni kwa kawaida ni salama zaidi hapo. Prednisoni nayo lazima igeuzwe na ini kuwa prednisoloni.

Hata seli ikisikia vizuri, kutuliza mchochota si jambo jema kila mahali. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa takriban theluthi moja na waliokuwa kwenye oksijeni kwa takriban moja ya tano; wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Katika CryptoDex, jaribio la homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoka kwa watu wenye VVU lililofanyika Asia ya kusini-mashariki, Malawi na Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, deksamethasoni haikupunguza vifo. Fangasi waliondoka polepole zaidi, madhara yaliongezeka, na jaribio likasimamishwa baada ya wagonjwa 451.

Na aliyekunywa steroidi zaidi ya wiki tatu asiache ghafla, hata kama kipimo cha seli nyeupe kinaonyesha usikivu umerudi. Kwenye seli za maabara vipokezi hujirudisha ndani ya siku chache homoni ikiondolewa. Tezi ya adrenali iliyolala huweza kuhitaji miezi kuamka, na kipimo cha damu kilichoelezwa hapa hakiioni kabisa. Hiyo hupimwa kwa kortisoli ya asubuhi au kwa kumchoma ACTH na kuangalia kortisoli baada ya dakika 30 na 60.